Chuo alichosoma mzee kule Hangzhou kimekwenda wapi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Baba yangu alipelekwa China mwaka 1987 kusomea zao la chai, akarudi 1992 na cheti cha Chuo Kikuu cha Kilimo cha Zhejiang, mjini Hangzhou. Sasa kuna kazi ya ushauri anaiomba, na ofisi moja imemrudishia karatasi zake ikisema chuo hicho hakipo. Nikitafuta napata Chuo Kikuu cha Zhejiang, ila pengine wameandika kilianzishwa 1897, pengine 1928, pengine 1998. Kipi ni kipi? Halafu mdogo wangu amepata nafasi Chuo Kikuu cha Ualimu cha Zhejiang na ndugu wote wanasema anakwenda kusoma chuo cha baba. Ni kweli? Msomaji wa Tukuyu.

JIBU: Marahaba. Nianze na la haraka ili mzee apumue. Chuo kilichoandikwa kwenye cheti chake kilikuwepo. Tarehe 15 Septemba 1998 kiliunganishwa na vyuo vingine vitatu vya Hangzhou, vyote vinne vikawa Chuo Kikuu cha Zhejiang cha leo, na lile jina la kilimo likafutwa. Mzee alihitimu miaka sita kabla ya hapo, kwa hiyo cheti chake kingebeba jina gani jingine? Aliyemwambia chuo hakipo hakudanganya. Kosa lake ni kuishia hapo. Ama chuo cha mdogo wako, hicho ni kingine kabisa, kiko mji mwingine. Nitakifikia.

Ile miaka mitatu uliyoiona yote ni ya kweli, kila mmoja unajibu swali lake. Ukitaka kujua mbegu ilipandwa lini, jibu ni 1897. Jina la Chuo Kikuu cha Zhejiang lilianza kutumika 1928. Chuo chenye umbo la leo ni cha 1998. Lakini mwaka unaofungua kitendawili cha baba yako haumo kabisa katika orodha yako. Ni 1952.

Twende kwa mpangilio. Mwaka 1897, miaka miwili tu baada ya China kushindwa vita na Japani, liwali wa Hangzhou aliyeitwa Lin Qi alichukua majengo ya hekalu la Puci akafungua humo shule ya elimu mpya: hisabati, sayansi, Kiingereza, mambo ambayo mitihani ya zamani ya ukarani wa kifalme haikuyajali. Wanafunzi wa kwanza walikuwa thelathini. Shule ikaitwa Qiushi, maana yake kutafuta ukweli wa mambo ulivyo, na neno hilo limo katika kaulimbiu ya chuo mpaka leo. Mwaka huohuo Lin Qi alifungua pia shule ya ufugaji wa nondo wa hariri, na chuo kingine cha Hangzhou kinajihesabia umri kutoka hapo. Ndiyo maana utakuta vyuo viwili vya mji mmoja, vyote vikidai 1897 na vyote vikimtaja mwanzilishi yuleyule. Si wizi wa historia.

Qiushi ilibadilishwa jina mara kadhaa, ikaacha kupokea wanafunzi baada ya mapinduzi yaliyoiondoa enzi ya wafalme wa Qing, na mwaka 1914 ikafungwa. Hapo pana pengo la miaka 13 ambalo vipeperushi vya chuo hulipita mbio. Mwaka 1927 serikali mpya ya chama cha Kuomintang iliunganisha shule ya ufundi na shule ya kilimo za mkoa kuwa Chuo Kikuu cha Tatu cha Zhongshan (vilikuwa na namba, kwa sababu vyuo kadhaa vilipewa kwa wakati mmoja jina la Zhongshan, yaani Sun Yat-sen, mwasisi wa jamhuri, fujo tupu). Mwaka uliofuata kikaitwa Chuo Kikuu cha Zhejiang. Kilichokiunganisha na Qiushi ya zamani ni eneo, lile la mtaa unaoitwa hadi leo Daxue Lu, Barabara ya Chuo Kikuu, pamoja na jina la heshima. Kwa maoni yangu 1897 ni tarehe ya ukoo zaidi kuliko ya taasisi, lakini karibu kila chuo cha China huhesabu hivyo, na ukibishana nao utachoka wewe.

Zingatia jambo moja: shule ya kilimo ilikuwa moja ya mawe mawili ya msingi mwaka 1927. Mwaka 1934 kitivo cha kilimo kilihamia Huajiachi, mashariki ya mji, penye ziwa dogo katikati ya kampasi. Muulize mzee kama analikumbuka ziwa hilo. Akikuambia alikuwa akilizunguka kwenda darasani, basi alisoma kwenye ardhi iliyokuwa ya Chuo Kikuu cha Zhejiang zaidi ya miaka hamsini kabla yeye hajafika.

Mwaka 1936 aliingia mkuu wa chuo ambaye bila yeye huenda tusingekuwa na la kuzungumza: Zhu Kezhen, mtaalamu wa hali ya hewa aliyepata udaktari wake Harvard mwaka 1918. Aliongoza hadi 1949. Mwaka mmoja tu baada ya kushika kiti, vita na Japani vikalipuka, na Novemba 1937 chuo kizima kikafunga mizigo. Walikwenda kwanza Jiande, mkoa huohuo. Mji wa Hangzhou ulipotekwa tarehe 24 Desemba, walikuwa tayari wanahama tena kuingia mkoa wa Jiangxi, kisha Yishan mkoa wa Guangxi, na mwaka 1940 wakatua Guizhou, kusini magharibi kabisa. Jumla ni kama kilomita 2,600, kwa mashua, malori, treni pale ilipokuwepo, na miguu. Vitabu na vifaa vya maabara vilikwenda nao, na chuo kilisaidia pia kuhamisha nakala ya Hangzhou ya Siku Quanshu, mkusanyiko mkubwa wa vitabu ulioagizwa na mfalme Qianlong, isiangukie mikononi mwa Wajapani.

Kila kituo kilikuwa na mkasa wake. Pale Taihe, Jiangxi, walimu na wanafunzi waliwasaidia wenyeji kujenga tuta la kuzuia mafuriko ya mto. Palepale, kiangazi cha 1938, kuhara damu kulimuua mke wa Zhu na mmoja wa watoto wao. Yishan ilikuwa na malaria, na Februari 1939 ndege za Kijapani zikadondosha zaidi ya mabomu mia moja kwenye eneo la chuo. Guizhou walikaa zaidi ya miaka sita. Sanaa na uhandisi vilikuwa Zunyi. Sayansi na kilimo vikawa Meitan, mji mdogo wa milimani. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikaa Yongxing. Na kwa kuwa mzee ni mtu wa chai atafurahi kusikia kwamba shamba la kitaifa la majaribio ya chai lilifunguliwa Meitan miaka hiyohiyo, likifanya kazi bega kwa bega na walimu wa kitivo cha kilimo. Meitan ni wilaya ya chai hadi leo.

Watu huzungumzia safari hiyo kama hadithi ya uvumilivu tu, wakasahau kwamba kazi ya kitaaluma haikusimama. Mtazame Tan Jiazhen, mtaalamu wa urithi wa viumbe. Maabara yake ilikuwa ndani ya nyumba ya matambiko ya ukoo wa Tang, pale Meitan, umeme hakuna, taa ni za mafuta ya mbegu za mti uitwao tung. Alikuwa akikusanya vibibi, wale wadudu wadogo wa mviringo wenye madoa mgongoni, na kuwapandisha aina kwa aina. Alichokiona ni kwamba mzazi mmoja akiwa na weusi mbele ya bawa na mwingine nyuma, mtoto hatoki na mchoro wa mmoja wao wala wa katikati: anatoka na weusi pande zote mbili, kila sehemu ikifuata mzazi aliye mweusi hapo. Kanuni za kawaida za urithi hazikuwa na mfano huo. Makala yake ilichapishwa Marekani mwaka 1946 na bado inatajwa na wanaochunguza wadudu hao. Zunyi nako mwanafizikia Wang Ganchang, asiye na kifaa chochote cha maana, alieleza kwenye karatasi namna ya kunasa alama za nyutrino, chembe ndogo mno zisizoonekana, kwa kutumia beriliamu-7. Gazeti la Physical Review likamchapisha 1942, na mwaka huohuo Mmarekani mmoja akalifanyia kazi wazo lake maabarani. Tsung-Dao Lee, aliyepata Nobeli ya fizikia 1957, aliingia chuo hiki 1943 huko Guizhou kabla ya kuhamia Kunming.

Chuo kilitoka Hangzhou kikiwa na ndaki tatu. Kiliporudi 1946 na kutulia, kilikuwa na saba: sanaa, sayansi, uhandisi, kilimo, ualimu, sheria na tiba. Shikilia hizo saba, kwa maana sasa ndipo kisu kinapoingia.

Mwaka 1952 serikali ya Beijing ilipanga upya vyuo vyote vya nchi kwa mfano wa Urusi ya Kisovieti. Hoja ilikuwa nyepesi: mpango wa miaka mitano unakuja, viwanda vinahitaji wahandisi kwa maelfu, na chuo kinachofundisha kila kitu ni anasa. Kwa hiyo vyuo vikubwa vilichanwa, kila kipande kikapewa kazi moja. Zhejiang iliumia kuliko wengi. Vigogo wa sayansi, akiwemo Tan Jiazhen na wanahisabati Su Buqing na Chen Jiangong, walihamishiwa Chuo Kikuu cha Fudan, Shanghai. Mabaki ya sanaa na sayansi yaliunganishwa na ya chuo cha wamisionari cha Zhijiang kuwa chuo cha ualimu, ambacho baadaye, 1958, kikageuka Chuo Kikuu cha Hangzhou. Tiba ikatoka, ikaungana na shule ya tiba ya mkoa. Kilimo kikatoka na Huajiachi yake, kikawa Chuo cha Kilimo, na 1960 kikapandishwa kuwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Zhejiang. Hicho ndicho cha baba yako. Jina la Chuo Kikuu cha Zhejiang lilibaki na wahandisi peke yao, nao wakajengewa kampasi mpya Yuquan.

Mgawanyo ulileta faida: wahandisi walitoka kwa wingi, na idara ya ala za mwanga iliyofunguliwa 1952 ilikuwa ya kwanza nchini. Ubovu wake ulionekana baada ya miaka michache tu. Mhandisi wa elektroniki asiye na mwanafizikia jirani yake anabaki kunakili mitambo ya wengine. Mtafiti wa mbegu anahitaji mwanakemia, na mwanakemia yuko chuo kingine, bajeti nyingine, baiskeli dakika arobaini. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Zhejiang ilianza kurudisha hisabati na fizikia. Vyuo vya jirani navyo vikawa na idara zao za kemia na hisabati, kila mtu na kitu kilekile kidogokidogo. Kisha mwaka 1966 Mapinduzi ya Utamaduni yakasimamisha udahili, na mtihani wa taifa wa kuingia vyuo vikuu haukurudi hadi Desemba 1977.

Mzee alifika muongo mmoja baada ya hapo. Vyuo vinne vilivyotokana na mama mmoja vilikuwa vimetapakaa Hangzhou, kila kimoja na mkuu wake na muhuri wake. Wazee waliosoma au kufundisha kabla ya 1952, Su Buqing na Tan Jiazhen wakiwemo, walikuwa miongoni mwa walioshinikiza familia irudi pamoja, na 1998 ikarudi. Haikuwa harusi ya bila makelele. Kulikuwa na idara za kemia na hisabati zaidi ya moja za kuunganishwa, wakuu wa idara wengi kuliko viti, na wahitimu wa Chuo Kikuu cha Hangzhou waliona jina lao limezikwa. Wako wanaolilia hadi leo. Kampasi za zamani hazikutosha, ikajengwa Zijingang magharibi ya mji, ikaanza kupokea wanafunzi Oktoba 2002. Kilimo nacho kilihamishiwa huko, kwa hiyo mzee akirudi Huajiachi leo atalikuta ziwa lakini hatawakuta watu wa chai. Eneo la tiba lililokuwa Hubin, karibu na Ziwa Magharibi, liliuzwa.

Kuna watu husema muungano ule ulikuwa wa kununua nafasi kwenye orodha za ubora. Kuna chembe ya ukweli: chuo kikubwa hutoa makala nyingi. Lakini ukilinganisha ramani ya 1998 na ile ya 1948 utaona kwamba waliunganisha kilichokuwa kimekatwa, tofauti na nchi nyingine ambako vyuo visivyojuana hufungwa kamba moja. Mwaka 2017 serikali ilipotaja masomo yatakayojengwa kufikia kiwango cha juu duniani, Zhejiang ilipata 18, na kilimo kilikuwa humo.

Sasa cheti. Mhitimu wa China hupewa karatasi mbili, na Watanzania wengi wa zamani huwasilisha moja wakashangaa kukataliwa. Kuna biye zhengshu, cheti cha kumaliza masomo, na xuewei zhengshu, cheti cha shahada. Sheria ya shahada ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1981, hivyo mzee wa 1992 anapaswa kuwa na zote mbili. Tafuteni sandukuni. Ile ndogo yenye jalada huwa inadhaniwa ni kitambulisho.

Usipoteze muda kuandika namba ya cheti chake kwenye mtandao wa CHSI wa wizara ya elimu ya China ukategemea jibu la papo hapo. Usajili wa vyeti kwa kompyuta ulianza 2001; cha 1992 kutoonekana hapo si dalili ya kughushi, na mwambieni hivyo yeyote atakayekitilia shaka kwa sababu hiyo. Pa kuandikia ni hifadhi ya nyaraka ya Chuo Kikuu cha Zhejiang, Dang'anguan, inayotunza mafaili ya vyuo vyote vinne. Ombeni vitu viwili kwa barua moja: uthibitisho wa kuhitimu pamoja na matokeo, na barua inayosema wazi kwamba Chuo Kikuu cha Kilimo cha Zhejiang kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Zhejiang mwaka 1998. Hiyo ya pili ndiyo wengi husahau, na ndiyo itakayowatuliza wa ofisini.

Maombi mengi hukwama kwenye jina. Wanafunzi wa kigeni waliandikishwa kwa jina la Kichina, herufi mbili au tatu walizopewa na mwalimu wa lugha, na faili limepangwa kwa jina hilo. Ukituma jina la pasipoti pekee unaweza kujibiwa kwamba hayumo. Jina la Kichina limo kwenye cheti chenyewe. Lipigeni picha safi, mpeleke pamoja na idara yake, mwaka wa kuingia, mwaka wa kutoka, na nakala ya pasipoti. Kama jina la pasipoti ya 1987 lina tahajia tofauti na kitambulisho cha sasa, ambatisheni hati ya kiapo mapema.

Jambo la pili linaloleta maneno ni hesabu ya miaka. Mzee amekaa mitano, matokeo yataonyesha minne. Mwaka wa kwanza kwa kawaida ulikuwa wa lugha, mara nyingi katika taasisi nyingine na hata mji mwingine, na hauingii kwenye karatasi ya chuo cha shahada. Elezeni hilo kwenye barua ya maombi kabla hamjaulizwa. Mkishapata majibu, pelekeni kila kitu Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, inayotambua tuzo za vyuo vya nje, mkiambatisha tafsiri ya chochote kilichoandikwa Kichina peke yake. Muhuri wa TCU ndio ofisi ile inautaka, hata kama haikusema.

Na mdogo wako. Chuo Kikuu cha Ualimu cha Zhejiang kiko Jinhua, kusini ya Hangzhou, kinaendeshwa na mkoa, wakati Chuo Kikuu cha Zhejiang kiko moja kwa moja chini ya wizara ya elimu. Si tawi lake wala hakikuwemo kwenye muungano wa 1998. Hili halimaanishi amekosea: kina taasisi ya masomo ya Afrika tangu 2007, na ndicho mshirika wa Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ila asijaze fomu za ufadhili akidhani anaomba chuo cha baba. Jina la Kichina halidanganyi: Zhejiang Daxue lina herufi nne tu, na likiwa na sita ujue kuna neno limeingia katikati. Shifan ni ualimu, Nongye kilimo, Gongye viwanda. Namba nazo zinasaidia, kwa kuwa kila chuo kina yake ya tarakimu tano: 10335 ni Zhejiang, 10345 ni cha Ualimu. Barua yake ya udahili ikisoma 10345, tiketi ya treni akakate ya Jinhua, asishuke Hangzhou.